Viti Tisa na Sufuria la Dagaa

"Uko wapi, mbona makelele hayo?"

Mama alinipigia saa tano usiku za Fukuoka. Kwake Tanga ilikuwa saa kumi na moja jioni, ndio kwanza ametoka kuswali alasiri. Nikamwambia nakula. Mkahawa gani huo wa saa tano usiku? Nikasema izakaya, akauliza ndiyo nini, nikaanza kuokoteza maneno. Kilabu sivyo. Baa sivyo. Mgahawa nao haujafika. "Ni mahali watu wanakaa, mama, wanakula vitu vidogovidogo, na wa kunywa wanakunywa."

"Na wewe umekaa upande gani?"

"Wa kula."

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Wamekupikia nini?"

"Tambi, kwa supu ya dagaa."

"Dagaa, huko Japani? Wamechambuliwa?"

"Wamechambuliwa. Na mimi nimesaidia."

"Haya. Usichelewe kulala."

Kufika kwenye kiti kile kulinichukua miezi minne na bakuli moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka natema mate.

Niliingia Fukuoka Oktoba 2023 kusoma uhandisi wa maji. Mji huu ukimtajia Mjapani yeyote, kabla hajakwambia habari ya bandari atakwambia rameni ya Hakata, yaani tambi za supu za upande wa zamani wa mji. Basi wiki ya pili, mvua imeninyeshea na njaa inaniuma, nikaingia duka moja lenye mashine mlangoni. Unatia pesa, unabonyeza picha, inatoka tiketi, unampa kijana wa kaunta. Huongei na mtu. Mimi nilikuwa na sentensi yangu moja niliyoikariri kwenye ndege, "niku nashi", bila nyama. Nikaisema. Kijana akaitikia kwa adabu, na bakuli likaja kweli bila kipande hata kimoja.

Supu ilikuwa nyeupe pe, nzito, inang'aa mafuta juu, kama tui la kwanza. Mtu wa Tanga akiona kitu cheupe namna ile hajiulizi, moyo unasema nazi. Wala sikujiuliza nazi imefikaje kisiwa hiki cha Kyushu kwenye baridi. Nikanywa nusu bakuli na kushukuru.

Kesho yake nikamsimulia mwenzangu wa maabara, binti wa Kiindonesia. Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Ile ni mifupa ya nguruwe, akasema. Inachemshwa kwa moto mkali saa nyingi mpaka mafuta na uboho vinavunjika na kuchanganyika na maji, ndiyo maana inakuwa nyeupe. Baadaye nilikuja kujua kwamba supu hiyo ya mifupa ilianzia kwenye kibanda cha Kurume, kusini kidogo ya hapa, mwaka 1937, na mwanzoni haikuwa nyeupe. Inasimuliwa kuwa miaka kumi hivi baadaye sufuria la mtu lilisahaulika motoni, likachemka kupita kiasi, supu ikageuka maziwa, na wateja wakaipenda hivyo hivyo. Kwa hiyo mji mzima unakula kosa la mtu mmoja, na mimi nikaongeza la kwangu.

Nilisukutua mdomo sijui mara ngapi. Ijumaa nikaenda msikiti wa Hakozaki, uliofunguliwa 2009, nikamuuliza mzee mmoja. Akasema hukujua na hukukusudia, sasa unajua. Hakuongeza neno.

Nilichokaa nikikifikiria ni yule kijana. Hakunidanganya hata chembe. Nilimwambia bila nyama, akaondoa nyama. Jikoni kwake nyama ni vile vipande vinavyolazwa juu, na supu ni supu. Mimi nilikuwa nimechukua swali la Tanga nikalivalisha maneno ya Kijapani, nikadhani nimeuliza. Tangu hapo siulizi kama kuna nyama. Nauliza supu imechemshwa na nini, mafuta ya kukaangia ni ya nini, na mchuzi wa soya umetiwa mirini au haukutiwa. Mirini ni kiungo kitamu cha mchele ambacho kileo chake kinafika kiasi cha asilimia 14, nacho kimo kwenye vyakula vingi kuliko unavyodhani: mayai, samaki wa kuchoma, hata mboga za kuchemsha.

Izakaya yangu ya kwanza ilikuwa sherehe ya maabara ya kukaribisha wageni. Neno lenyewe limeunganishwa: kukaa, na duka la sake, kileo cha mchele. Enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, watu walikwenda kununua sake ya kupimiwa, wengine wakaona uvivu kurudi nayo nyumbani, wakakaa pale pale dukani. Mwenye duka akaanza kuwapa cha kutafuna, na biashara ikageuka. Usiku ule tulikuwa kumi na mbili kwenye chumba cha mikeka. Kabla sijavua koti vizuri mtu alishaagiza bia kwa wote, maana bia ya kwanza haijadiliwi. Nikaomba chai ya uroncha. Mbele yangu kikawekwa kisahani cha mboga ambacho sikukiagiza, nikakirudisha kwa heshima zote. Mhudumu akakileta tena. Nikakirudisha. Mwenzangu akanikanyaga mguu: hicho ni otoshi, ndiyo kodi ya kiti chako, ukila usile utalipia.

Mwisho wa sherehe hesabu ikagawanywa sawa kwa sawa, yeni 4,000 kila kichwa. Mimi nilikuwa nimekunywa chai na kumenya soya mbichi za kuchemsha, edamame, basi. Kuna watu watakwambia huo ndio umoja. Mimi naona umoja ule ungependeza zaidi kama wanywaji wa bia wangenifidia nauli. Nikajiapia sirudi tena izakaya.

Sasa Februari. Upepo wa bahari unakata masikio, nami napita mtaa wa nyuma kuelekea stesheni, saa kumi na moja jioni. Kuna kibanda ambacho nimekipita mara hamsini bila kukitazama. Taa nyekundu ya karatasi haijawashwa, pazia fupi la mlangoni halijatundikwa, lakini kwa ndani kuna mwanga, na kwenye kioo namuona mzee amekaa, ametandaza gazeti kwenye kaunta, anachambua dagaa.

Kichwa huku, tumbo huku, mwili kwenye bakuli. Kichwa, tumbo, mwili.

Nilisimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Ile kazi nimeifanya tangu nina miaka sita, kwenye kibaraza cha nyuma, na ungo mapajani, na paka wanazunguka. Mzee akaniona, akafungua mlango wa kusukuma, akasema bado, saa kumi na mbili. Nikamwambia kwa Kijapani changu cha kuungaunga: nyumbani kwetu, samaki huyu, kichwa tunatoa, tumbo tunatoa, chungu. Akanitazama mtandio, akanitazama vidole, akavuta kiti.

Wao wanawaita iriko. Ukienda Tokyo utasikia niboshi, maana yake aliyechemshwa akakaushwa, na ndivyo wanavyofanywa hasa: dagaa wanachovywa kwenye maji ya chumvi yanayochemka, kisha wanaanikwa. Wengi wanatoka Nagasaki, si mbali na hapa. Nikamwambia na dagaa uono wa pwani yetu wanachemshwa kwa chumvi vivyo hivyo kabla ya kuanikwa. Sijui kama alinielewa. Alikuwa ananitazama mikono. Yeye anakata kichwa kwanza, halafu anapasua mwili kwa kucha na kukwangua ule utumbo mweusi, mikono miwili. Mama alinifundisha kubana kichwa na kukivuta kuelekea tumboni, utumbo unakifuata wenyewe, mkono mmoja. Mzee akajaribu. Wa kwanza akakatika katikati. Wa tatu akatoka. Akaita jikoni, akatokea mkewe na taulo begani, akaonyeshwa. Tukachambua gazeti zima.

Kila mtu anamwita Taisho, ambalo ni kama kusema jemadari, na mkewe Okami. Viti ni tisa, vyote kwenye kaunta. Ukitaka kwenda maliwatoni watu wanne wanavuta matumbo ndani ili upite. Orodha ya vyakula ni vipande vya karatasi vilivyobandikwa ukutani kwa mwandiko wa Okami, ambao hata wanafunzi wa Kijapani wanausoma kwa kukisia. Upande mmoja wa kaunta kuna tanuri ndogo ya mkaa, pale inachomwa mishkaki ya kuku, nayo haibagui kiungo: firigisi, moyo, gegedu, mkia. Watu wa Fukuoka wana mahaba na ngozi. Inazungushwa kwenye kijiti na kuchomwa mpaka ilie ikitafunwa. Upande wa pili kuna sufuria la dagaa, la rameni ya kufungia usiku. Hapa mtu akishakunywa hajisikii amemaliza mpaka atie kitu cha moto na chumvi.

Siku ile ile nikamweleza nisichokula. Akageuza karatasi ya kalenda, akaandika. Nguruwe, alama ya mkasi. Sake, mkasi. Mirini, mkasi. Kuku? Nikaeleza habari ya kuchinja, kwa ishara nyingi kuliko maneno, mkasi. Akakuna kichwa. Kisha akaandika upande wa pili vilivyobaki: samaki, mwani, uyoga, tofu, mayai, chumvi. Akaitazama orodha ile ya pili muda mrefu, kwa uso wa fundi aliyeletewa saa ya aina asiyoijua.

Hapo ndipo nilipojifunza rameni ni kitu gani, na ningejua mapema nisingehangaika miezi minne. Bakuli lina sehemu tatu zinazopikwa mbalimbali. Kuna supu, ambayo kwa kawaida kwenye sufuria haitiwi chumvi. Kuna tare, kiungo cha chumvi kinachotiwa chini ya bakuli tupu, kijiko kimoja au viwili. Na kuna mafuta yanayomwagiwa juu. Supu ya Taisho ilikuwa ya dagaa na kombu tu, ule mwani mpana mgumu unaolowekwa usiku kucha. Haikuwa na tatizo tangu mwanzo. Vya kunikataza vilikuwa kwenye kijiko: soya yenye mirini chini, mafuta ya kuku juu. Akanitengenezea kijiko changu, chumvi ya bahari iliyochemshwa na kombu, na mafuta ya mbegu yaliyochomwa na vitunguu vya majani mpaka vikawa kahawia. Akaviweka kwenye vichupa viwili, Okami akaandika jina langu kwa herufi zao. Kwa sufuria lile lile wenzangu walikula lao na mimi nikala langu.

Habari ya kombu ina mzaha wake kwa mtu wa pwani. Kwetu mwani tunalima, tunaanika, tunafunga kwenye magunia, unapanda meli, basi. Sisi wenyewe hatuli. Si mwani wa aina hii, kweli. Lakini ni kwenye kombu hii ambamo Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Tokyo, alipata glutamati mwaka 1908 na kuipa ile ladha jina la umami. Dagaa mkavu ana ya kwake, na zikikutana kwenye maji mamoja kila moja inaipandisha mwenzake. Mama amekuwa akitia dagaa kwenye nyanya zilizoiva sana miaka yote bila kumjua Ikeda.

Na tambi zenyewe! Nilidhani umanjano wao ni wa mayai. Taisho akacheka, akanionyesha unga mweupe kwenye kopo: kansui, chumvi ya magadi. Akanipa ncha ya kidole nionje. Nilipoonja nilitaja jina lake kwa Kiswahili kwa sauti, maana ladha ile ya sabuni haifichiki. Ni kama magadi yetu, yale ya kulainishia maharage na kisamvu. Kwenye maharage yanalainisha, kwenye unga wa ngano yanakaza, yanaupa rangi na kuufanya uvutike bila kukatika.

Kula nako kulinichosha. Rameni haisubiri. Tambi zinaendelea kunywa supu wakati wewe unapiga picha, na Taisho alikuwa anakosa raha akiniona naongea na bakuli mbele. Halafu zinavutwa kwa sauti, zikiingia na hewa, ili zipoe na harufu ipande puani. Bibi alikuwa ananipiga kofi la mgongo kwa sauti hiyo hiyo. Nilishindwa mwezi mzima, nikawa natafuna kimyakimya kama mgeni kwenye harusi, mpaka nikawakumbuka wazee wa kahawa wa barabarani kwetu, wanavyovuta kikombe cha kahawa chungu mpaka wa barazani ng'ambo wanasikia. Hao hawakupigwa kofi na mtu. Nikavuta kama wao. Mzee wa kiti cha pili akanipigia makofi mawili.

Tambi za Hakata ni nyembamba, zinaiva kwa chini ya dakika, na unasema mwenyewe unazitaka ngumu kiasi gani. Ukimaliza na supu imebaki, unaita "kaedama", unaongezewa fungu la tambi tupu. Husemwa kuwa mtindo huo ulianzia Nagahama, kwenye soko la samaki, kwa watu wa mnada wasio na muda wa kungojea bakuli kubwa. Wanaume wa pale wanashindana kuomba ngumu, ngumu zaidi, ngumu kama waya. Mimi naomba laini. Nimelelewa kwa tambi za nazi, zilizolainika mpaka zimeshikana, na sioni sababu ya kubadili dini kwa hilo. Taisho huwa anatangaza agizo langu kwa sauti ya msiba.

Kosa kubwa nililifanya usiku wa Machi. Jirani yangu alikuwa anahangaika na kipande cha figili kinachomteleza. Nikakidaka kwa vijiti vyangu kutoka kwenye vijiti vyake. Kaunta nzima ikanyamaza. Okami hakusema kitu. Alisukuma kisahani katikati yetu, akagonga ukingo wake kwa kidole, nikakiweka pale. Baadaye, watu wamepungua, akanieleza kwamba mifupa ya maiti ikishachomwa, ndugu huiokota kwa vijiti na kupokezana wawili wawili. Ni hapo tu vijiti vinapokezana. Ndiyo maana pia havisimamishwi kwenye wali, maana wali wenye vijiti vilivyosimama ni wa marehemu. Yule bwana wa figili, nilikuja kusikia, alikuwa amemzika mama yake Januari. Wiki iliyofuata nilimletea machungwa. Alinimenyea moja.

Kitu kimoja zaidi, na hiki hakuna aliyeniambia. Viti tisa ni viti tisa. Mtu wa bia anaagiza glasi ya pili, ya tatu, na duka linapata riziki yake huko kwenye glasi. Mimi na uroncha yangu moja, yeni 300 kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne, nilikuwa nakula kodi ya watu. Niliona siku wawili walipochungulia, wakakuta pamejaa, wakaenda zao, na Taisho akawafuata kwa macho. Hakunitazama. Tangu siku hiyo mlango ukifunguliwa na kiti hakuna, napishanisha vidole viwili kama mkasi kuomba hesabu, nasema "gochisosama", asante kwa chakula, natoka. Bakshishi hawapokei, nilijaribu mara moja, Okami akanikimbilia na zile sarafu mpaka taa za barabarani. Basi naja saa kumi na moja, kabla ya kufungua, nachambua.

Agosti 2024 nilikwenda likizo, nikarudi na nusu kilo ya uono wa Tanga, wamefungwa na mama mwenyewe kwa gazeti na mifuko mitatu, na bado sanduku lilinuka. Taisho akamshika mmoja, akamwinua kwenye taa, akamuuma mkia, akatafuna huku amefumba macho. Mwembamba kuliko wa Nagasaki, akasema. Chumvi nyingi. Siku ya pili usiku akapika sufuria dogo la pembeni, akatoa vibakuli tisa bila malipo, kimoja kila kiti. Mmoja akasema ina jua ndani yake, ambayo nadhani ni sifa.

Nikampigia mama kwa video, nikamgeuzia simu kwenye sufuria.

"Amewaosha kwanza kwa maji ya moto?" akauliza. "Hao wana chumvi, waoshwe mara mbili."

Nikamtafsiria Taisho. Akatikisa kichwa, bila kuacha kukoroga. Ukiwaosha utamu unakwenda na maji, akasema. Afadhali apunguze kijiko cha tare. Nikamrudishia mama jibu lake.

"Mwambie ni mbishi."

Hilo sikulitafsiri.